Hesabu Zote Mbili Kabla Hujasema Subiri

Vijana wangu, nyinyi mnaosomea utabibu sasa hivi na nyinyi mlioanza kazi juzi kwa makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nitaanza kwa kujisifu kidogo. Nimestahili. Kisha nitawaeleza jambo ambalo sikulitaja siku waliponikatia keki ya kustaafu.

Mimi Nyambura nina diploma. Si digrii, ni diploma, na karo yake niliilipa mwenyewe kwa kufulia watu nguo hapa Riruta mpaka kucha zikawa nyeupe. Baadaye nilikwenda Botswana, nikafanya kazi miaka tisa, nikarudi na akiba, nikajenga ghorofa tatu karibu na Barabara ya Naivasha. Kliniki chini, wapangaji juu. Hakuna mwanamume aliyenichangia hata tofali moja. Akina mama walitoka Kileleshwa na magari yao, wakapita hospitali zenye lifti, wakaja kukaa kwenye benchi langu la mbao, kwa sababu walisikia kwamba Nyambura akimshika mtoto, anajua. Na kweli nilijua. Mikono hii imewashika watoto ambao leo wana ndevu.

Basi nawaandikia kuhusu siku ambayo mikono hii ilidanganya, na asubuhi moja ya Desemba, miaka mingi baadaye, ambapo uongo wake ulinirudia.

Kabla ya Botswana nilikuwa katikati ya jiji, katika hospitali ndogo juu ya maduka ya vitambaa. Aliyenifundisha pale ni Mzee Mwakio, tabibu wa Kitaita, mfupi, mkali, aliyevaa tai hata siku za joto. Siku moja nilimpima mtoto wa kiume wa mwenye duka mmoja, mtoto akapiga kelele kama aliyechomwa. Mzee Mwakio akanishika viganja.

"Binti, hii ni mikono au samaki wa barafu?"

Akanipa kikombe cha chai. Nikakipeleka mdomoni. "Sikukwambia unywe. Shika!"

Nikashika mpaka viganja vikawa vyekundu, naye akanieleza. Korodani ya mtoto ina haya. Ikihisi baridi, msuli wake huivuta juu, ikapotea kwenye kinena. Kwa hiyo ukimgusa mtoto kwa mikono baridi utasema haipo, kumbe imekukimbia wewe. Hiyo ndiyo korodani yenye haya, haina ugonjwa. Ile isiyoshuka ni nyingine kabisa. Imekwama njiani tangu tumboni mwa mama, na hata ukiibembeleza namna gani, haifiki chini. Kazi yako ni kuzitofautisha hizo mbili, na ukikosea, anayelipa ni mtoto.

Njia yake ilikuwa hii, na mpaka leo sijaona inayoishinda. Pasha mikono. Mtoto akae mapajani mwa mama, miguu ikunjwe kama fundi cherehani wa barazani. Paka sabuni na maji vidoleni. Anza juu, karibu na mfupa wa nyonga, uteleze kidole ukifuata kinena kuelekea chini, na mkono wa pili ungoje kwenye mfuko. Ukiipata, ishushe polepole, kisha iachilie. Ikitulia pale chini, ina haya tu. Ikirudi juu papo hapo, au isipofika kabisa, haijashuka. Halafu mwulize mama: ukimwogesha kwa maji ya vuguvugu, unaziona zote mbili? Mama humwogesha kila siku. Wewe unamwona dakika tano.

"Na uhesabu kwa sauti," alisema Mzee Mwakio. "Moja. Mbili. Mama asikie. Kama hukuhesabu kwa sauti, hukuhesabu."

Nilihesabu kwa sauti miaka yote. Akina mama walicheka. Baba mmoja wa Kileleshwa alikuwa kwenye simu ya video kutoka ofisini, nami nilipotamka "mbili" akapiga makofi mpaka wenzake wakageuka.

Ian aliletwa kwangu akiwa na miezi tisa, kwa chanjo ya surua. Ilikuwa Julai. Anayeijua Riruta ya Julai anajua ile baridi inayopenya ukuta wa mawe. Foleni ilikuwa mpaka nje, na nilikuwa nimerudi kutoka Botswana mwaka ule ule, nimevimba kichwa. Sikushika kikombe. Nikapitisha vidole. Kushoto ipo. Kulia, kwenye kinena, nikahisi kitu kama punje ya maharagwe, kinateleza chini ya ngozi. Nikasema "mbili."

Sista Akinyi, muuguzi wangu, aliniegemea sikioni. "Daktari, huo mfuko wa kulia naona umelala sana. Tumpeleke kwa mpasuaji amwangalie?"

"Akinyi, mimi nimetoka nje," nikamjibu. "Naijua korodani yenye haya."

Nikamgeukia mama yake. "Mama Ian, itashuka. Subiri."

Nilichogusa kilikuwa tezi. Mtoto alikuwa na vipele vya nepi, na vipele vya nepi huvimbisha tezi za kinena. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hivyo. Na lile swali la maji ya vuguvugu sikuuliza.

Mama Ian alirudi mtoto alipofika miaka miwili, akauliza tena. Nikamwambia asubiri mpaka aanze shule, maana ndivyo vitabu vyangu vya diploma vilivyosema. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimezeeka. Siku hizi mnafundishwa, na mshike hivyo hivyo: mtoto akifika miezi sita na korodani haijashuka, haishuki tena yenyewe. Mpeleke kwa mpasuaji, ishushwe ikiwezekana kabla hajamaliza mwaka na nusu. Ikikaa juu kwenye joto la mwili, mbegu zake huharibika, hatari ya saratani ukubwani huongezeka, ngiri huifuata, na pia inaweza kujisokota. Kama zote mbili hazipo chini, au moja haipo na tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya nchani, usingoje hata kesho. Na mtoto mwenye tundu la namna hiyo asitahiriwe kabla ya mpasuaji kumwona, maana ile ngozi itahitajika kumtengeneza. Nilimfukuzisha kazi mtu mmoja kwa kosa hilo, nikiwa na uhakika kwamba mimi sikosei. Langu lilikuwa linangoja.

Sasa niwapeleke Desemba ile, Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Mama Ian akaingia kliniki akiwa na ile haraka ya mtu aliyeacha biashara yake mikononi mwa jirani. Anauza mitumba ya watoto Kawangware.

"Daktari, niuzie dawa ya maumivu. Ile ya nguvu kiasi."

"Ya nani?"

"Ian. Alitahiriwa Jumanne. Mutiri wake amenitumia meseji, anasema kijana anadeka tangu asubuhi."

Kwa wasiojua: katika nyumba nyingi za Kikuyu hapa Dagoretti, mvulana akimaliza shule ya msingi hutahiriwa Desemba. Kisu siku hizi ni cha kliniki, ila yanayofuata ni ya zamani. Wavulana hukaa pamoja chumba kimoja wiki mbili tatu mpaka wapone, wakiangaliwa na mutiri, kijana aliyepita njia hiyo kabla yao. Mama hawaoni. Anapika, anaweka sufuria mlangoni, anaondoka. Na mvulana halalamiki. Akilalamika ameharibu, na wenzake watamkumbusha mpaka awe babu.

"Kidonda kinatoa usaha?" nikauliza.

"Mutiri anasema kidonda ni kisafi. Ati ni tumbo. Hapa chini, upande wa kulia. Na ametapika chai."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye droo ya vidonge. Niliutoa mtupu. Kidonda kisafi cha siku ya nne hakimtapishi mtu.

"Mama Ian. Ile kitu tuliongea akiwa mdogo."

Aliangalia mlango, akaurudisha. "Haijawahi kushuka, Daktari. Ulisema nisubiri. Nimesubiri."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa ripoti.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Baba yake alienda Ian akiwa tumboni. Ningesema kwa watu, wangesema nimezaa mtoto nusu. Hata Ian nilimwambia asivue nguo mbele ya wenzake."

"Na aliyemtahiri?"

"Walikuwa kumi na wawili kwa laini. Yeye aliangalia ngozi tu."

Korodani huning'inia kwenye kamba ya mishipa, kama globu inavyoning'inia kwenye waya wake. Ikizunguka, kamba inajisokota na damu haipiti. Iliyokwama juu inaweza kujisokota vilevile, tena kwa hila, maana maumivu yanakuja kwenye kinena na tumbo na kila mtu anafikiria kidole tumbo. Kuanzia dakika ile una kama saa sita. Zikipita, unaokoa kidogo au huokoi kitu. Mutiri alisema yalianza asubuhi, saa kumi na mbili. Nilihesabu. Tulikuwa na mpaka saa sita mchana.

"Kiko wapi hicho chumba?"

"Nyuma ya kichinjio, Dagoretti."

Tulipanda boda boda moja, sisi wawili nyuma ya kijana mmoja mwembamba. Mimi si mwembamba. "Mathe," akaniambia kwenye kona, "shika jaketi, usishike shingo, nikifa hatufiki." Sikuachilia.

Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye ploti ya mabati. Nilibisha hodi. Akatoka kijana wa miaka ishirini na sita hivi, gambuti miguuni, akauvuta mlango nyuma yake. Alikuwa Njoroge, mutiri mwenyewe. Alimwona Mama Ian, akanitazama mimi, akaegemea mlango.

"Mathe, huku wanawake hawafiki."

"Mimi ni daktari."

"Hata ungekuwa prezo. Niko na vijana watano hapa ndani. Nikikufungulia, wazazi wa hao wengine watanila mzimamzima."

"Ian anaumwa."

"Ian anadeka. Kila mwaka kuna mmoja wa kudeka. Mimi niliuma blanketi siku tatu na sikusema kitu."

"Ulitapika?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Kutapika, hapana."

Jua lilikuwa limeshapiga mabati. Ningeweza kumsukuma. Nina kilo za kumsukuma. Lakini ningeingia kwa nguvu, wavulana wangejifunika, Ian angeapa kwamba hana neno, nasi tungegombana mpaka saa ziishe. Nikatazama gambuti zake. Zilikuwa na damu iliyokauka.

"Unafanya kazi hapo kichinjioni?"

"Miaka saba."

"Umeshachinja beberu mwenye moja?"

Akanikodolea macho. "Wako. Hiyo ingine unaikuta ndani, huko karibu na figo. Kadogo."

"Na ukiikuta imejisokota?"

"Inakuwa nyeusi, kama ini iliyolala. Hata mbwa..." Akakatiza. Akamtazama Mama Ian.

Mama Ian alikuwa ameshika ncha ya leso yake kwa mikono miwili. "Ni ukweli, Njoroge. Tangu azaliwe. Moja haikushuka. Sikuwaambia."

Nilimwona yule kijana akibadilika mbele yangu. Ubishi ulimtoka, na mahali pake ikaja ile hali ya mtu wa kazi aliyeelewa kazi yenyewe.

"Niambie nifanye nini," alisema. "Lakini wewe baki hapo."

"Nawa mikono na maji ya moto. Yapashe sawasawa, si ya kunawia tu."

Akaingia, akafunga. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Nyuma yangu Mama Ian alirudi hatua tatu. Nilisikia maji yakimwagwa, kisha sauti ya Njoroge, ya chini kuliko ile aliyonijibia.

"Ian, buda, lala chali. Nakuangalia tu. Pumua."

"Anza kushoto," nikasema. "Iko?"

"Iko. Imening'inia sawa."

"Ukiishika anaumwa?"

"Hapana."

"Nenda kulia."

Nikahamishia sikio kwenye ufa. Nilijiona nikiwa na miaka ishirini na miwili, kikombe cha chai mkononi.

"Mathe, huu mfuko ni tupu. Hakuna kitu."

"Panda kwenye kinena. Polepole. Kidole kilale, kisichome."

Ukelele uliotoka ndani ulinipita mwilini. Baada yake kukawa na kimya cha wavulana wanne waliofundishwa kwamba mwanamume halii.

"Iko hapa!" Njoroge alipaza sauti. "Kigumu, kama ndimu! Ngozi juu yake imeanza kuwa nyekundu."

"Mtoe nje. Sasa hivi. Asinywe hata tone la maji."

"Mama yake ageuke!"

Mama Ian aligeuka, akaelekeza uso kwenye mabati ya jirani, karibu sana, pua ikikaribia kuyagusa. Mlango ukafunguka, Njoroge akatoka amembeba Ian ndani ya shuka kama abebavyo mbuzi mgonjwa. Walipita nyuma ya mgongo wa mama yake, kiasi cha mkono mmoja.

"Ian?" aliyauliza mabati.

"Niko sawa, mum," Ian akajibu. Midomo yake ilikuwa kijivu.

Gari lililopatikana ni la rafiki yake Njoroge, lile la kupelekea nyama buchani, lenye sanduku jeupe la bati nyuma lililoandikwa NYAMA kwa herufi nyekundu. Ian na mimi tulikaa mbele na dereva. Njoroge alisimama nyuma akishikilia sanduku. Mama Ian alitufuata kwa boda boda, akiangalia pembeni kila tulipokaribiana.

Kawangware soko lilikuwa limemwagika barabarani. Tulisimama. Dereva akapiga honi, mwenye mkokoteni wa mihogo akamwambia, "Nyama itaoza ama?" Nikampigia simu Daktari Swaleh, mpasuaji wa watoto, mtu wa Lamu niliyewahi kumpelekea wagonjwa, aliyekuwa zamu kwenye hospitali moja ya Kileleshwa.

"Daktari, nina mvulana wa miaka kumi na mitatu. Korodani ya kulia haijapata kushuka. Leo imejisokota. Ni saa ya tano sasa tangu ianze."

"Umempiga picha?"

"Hapana. Ameshikwa kwa mkono tu."

"Umemshika wewe?"

"Amemshika mchinja mbuzi. Nilikuwa nje ya mlango."

Nikasikia kiti kikisukumwa upande wa pili. Kisha, "Bi Nyambura, mlete. Nafungua chumba cha upasuaji. Picha tusiingojee."

Lishikeni hilo, vijana. Picha ni nzuri, lakini usimwache mtoto kwenye foleni ya picha wakati kila kitu kinakwambia kamba imejisokota.

Tulipopita Barabara ya Gitanga nilidhani tumeshinda. Kwenye lango la hospitali, bawabu alisoma sanduku letu, akanyanyua mkono.

"Mzigo ya jikoni inaingilia nyuma."

"Tuna mgonjwa!"

"Mama, gari imeandikwa nyama."

Njoroge aliruka kutoka nyuma, gambuti zikalia kwenye lami. Nilifikiri atampiga. Alifungua mlango wa mbele tu, akamwonyesha Ian aliyejikunja, akasema, "Kaka, hii nyama inapumua." Kizuizi kikapanda.

Daktari Swaleh alikuwa mapokezi mwenyewe, kofia ya upasuaji kichwani. Akainama mpaka usawa wa uso wa Ian.

"Mwanangu, maumivu yalianza saa ngapi hasa?"

Ian hakumtazama. Alimtazama Njoroge.

"Sema tu ukweli," Njoroge akamwambia. "Hakuna mtu atakucheka. Mimi ndiye nimekuambia."

"Jana," Ian alisema. "Tukila chakula cha jioni. Nilinyamaza."

Hesabu yote niliyokuwa nimeipiga njiani ikaanguka. Hazikuwa saa tano. Zilikuwa saa kumi na sita.

Mama Ian alitia sahihi kwenye kaunta, ameipa machela mgongo. Karani alimwonyesha mahali pa kuandika, akashangaa kwa nini mama huyu hageuki kumwona mwanawe. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumwelezea.

Daktari Swaleh aliniruhusu nisimame ndani, karibu na ukuta. Alipasua juu ya kinena. Ilikuwa pale, ndogo kuliko ya umri wake, imejisokota mizunguko miwili, rangi ya zambarau iliyopitiliza. Akaisokotoa, akaifunika kwa kitambaa chenye maji ya joto, akaondoa mikono.

"Tunaipa nafasi," alisema.

Hapo hakuna cha kufanya ila kungoja rangi. Ikirudi damu, utaona uwekundu ukitambaa kutoka kwenye kamba. Nimengoja watoto wavute pumzi ya kwanza, nimengoja matokeo ya mtihani wangu wa mwisho, nimengoja viza. Sijangoja kama nilivyongoja pale. Dakika tano. Akafunua. Akafunika. Dakika tano nyingine. Akakata sehemu ndogo kwa ncha ya kisu, aone kama itatoka damu. Haikutoka.

"Bi Nyambura, haikurudi."

Aliitoa. Kisha akafungua upande wa kushoto, akaishona ile nzima ndani ya mfuko wake isije ikajisokota siku moja nayo. Msisahau hilo pia. Upande mmoja ukishaharibika, uliobaki unalindwa siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Mama Ian kwenye ukumbi. Daktari Swaleh alitaka kuja nami. Nikamwambia hapana, hili ni langu. Nilimweleza kwamba moja imeondolewa, kwamba ile nyingine ni nzima, kwamba wanaume wengi wenye moja wamezaa watoto, na kwamba Ian atahitaji kuangaliwa na kujifunza kujipapasa mwenyewe kila mwezi aone kama kuna uvimbe. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Nikaendelea, maana ningenyamaza pale nisingesema tena maishani.

"Akiwa na miezi tisa nilihesabu vibaya. Nilishika tezi nikasema ni korodani. Akinyi aliniambia, nikakataa. Ningemtuma wakati ule, leo tusingekuwa hapa. Kosa ni langu, si lako."

Aliifunga upya leso yake.

"Mimi nilijua, Daktari," akasema. "Nilikuwa namwogesha kila siku. Maji ya moto. Sikuwahi kuona mbili. Lakini wewe ndiye ulisoma."

Sijawahi kutukanwa vibaya zaidi ya hapo, na hakuwa ananitukana.

Ian alipozinduka, niliyemruhusu aingie ni Njoroge. Mimi nilibaki nje ya pazia, nikasikia.

"Nililia?" sauti ya Ian, nzito kwa dawa.

"Ulipiga nduru. Soko lote ya Dagoretti ilisikia."

"Basi nimeharibu."

"Zii. Ningekuwa na akili ningekufundisha ulie jana."

Tangu Desemba ile, Njoroge hakubali kumlea mvulana yeyote kabla mama yake hajaulizwa, kando, kama kuna kitu anachokijua. Wenzake walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili watatu waliniletea vijana wao niwapime kabla ya kutahiriwa. Waliniletea mimi, mwanamke. Ruhusa ya kujisifu inarudi kidogo hapo.

Lakini sikutulia. Januari baada ya Desemba ile nilifunga kliniki siku mbili, nikateremsha madaftari yote tangu nirudi kutoka Botswana, nikayasoma ukurasa kwa ukurasa pamoja na Akinyi. Nilikuwa natafuta mwandiko wangu mwenyewe: mvulana, upande mmoja, "asubiri." Tulipata majina kumi na moja. Tukaanza kupiga simu.

Mama mmoja aliniambia, "Daktari, usiudhike, sikukusikiza. Nilimpeleka kwingine wakamshusha akiwa na mwaka mmoja." Nilicheka mpaka nikalia. Wengine wanne zilikuwa zimeshuka kweli, zilikuwa za haya. Wawili walikuwa wavulana wakubwa, hazijashuka, nikawapeleka kwa Daktari Swaleh mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Baba mmoja alinitukana kwa dakika nzima, nami sikukata simu. Mwingine alikuwa amekua, ana miaka kumi na sita, akapokea mwenyewe, akaniambia kwa aibu kwamba upande wa kushoto ni mtupu na hajawahi kumwambia mtu. Naye nikampeleka.

Hao ni tisa. Waliobaki ni wawili. Nambari ya mmoja ilishabadilisha mwenyewe, na kwenye ploti aliyokuwa akiishi mama yake Riruta sasa kuna jengo jipya, wala hakuna anayemkumbuka. Ya pili iko hewani, lakini haipokelewi.

Nimestaafu. Kliniki inaendeshwa na binti mmoja hodari, mwenye diploma kama mimi, ambaye nimemkataza kusema "subiri" bila tarehe. Asubuhi nakunywa chai, nanyunyizia sukuma wiki maji, kisha nachukua simu. Jumamosi iliyopita iliita mara saba, mtu akapokea, nikasikia pumzi na kelele za barabarani. Nikasema haraka, "Mimi ni Nyambura, wa kliniki ya Riruta, nauliza kuhusu mtoto wako wa kiume," na laini ikakatika.

Nitapiga tena kesho.